Meno Manne Yasiyo na Tundu

Kabla hujaendelea kusoma, fanya kitu kimoja. Funga mdomo, upeleke ulimi nyuma ya meno yako ya mbele ya chini, kule ambako mswaki wako haufiki kwa sababu asubuhi una haraka ya kushika simu. Pitisha polepole. Kama pako laini, hongera, soma kwa raha zako. Kama ulimi umekwaruzwa na kitu kigumu mithili ya vikokoto vilivyoganda, basi haya nimeyaandika kwa ajili yako, na usininunie.

Kitu hicho tunakiita ugaga. Huanza kama ukoga, ule utando laini unaoukwangua kwa ukucha asubuhi ukadhani ni mabaki ya ugali. Ukiuacha siku chache unakuwa mgumu, unashika jino, unaingia chini ya fizi, na hapo hata usugue mpaka mkono uchoke hautoki tena mpaka ukwanguliwe na chuma. Nimeukwangua kwa karibu miaka thelathini. Naujua kuliko ninavyowajua baadhi ya shemeji zangu.

Jina langu ni Bukuru. Nimezaliwa Kidahwe, tumbo moja na pacha wangu Butoyi. Yeye alibaki na jembe, mimi nikashuka Kigoma mjini miaka michache baada ya Uhuru, nikapata kazi ya usaidizi katika chumba cha meno cha hospitali. Watu wa Mwanga, Katubuka na Ujiji waliniita Bukuru wa Meno. Wapo walioniita Bukuru Koleo, lakini hao walikoma siku waliponihitaji.

Mwaka jana vijana wawili wanaosomea kazi hii walinitembelea nyumbani. Watoto wazuri, wana adabu, walinipa shikamoo yangu vizuri. Mmoja akaniuliza, "Mzee, katika maisha yako umeng'oa meno mangapi?" Nikamwambia sijui, na sitaki kujua. Niulize ni mangapi niliyaacha. Hayo ndiyo ninayojivunia, na ninajivuna kweli, sioni aibu kusema. Wapo wazee wanaotafuna mahindi ya kuchoma pale Mwanga sokoni kwa meno ambayo mtu mwingine angeyatupa kwenye ndoo. Nikipita wananionyesha.

Ila sikuanza hivyo. Nilianza kwa kung'oa.

Mkubwa wangu wa kazi alikuwa Mzee Lazaro. Alijifunza Dar es Salaam tangu enzi za mkoloni, akavaa kaptura nyeupe na soksi ndefu mpaka siku anastaafu, na alikuwa akifanya kazi huku anaimba nyimbo za kanisani puani. Ukisikia wimbo umekatika, ujue umekosea. Chumba chetu kilikuwa na kiti cha chuma cha kupandisha kwa kanyagio, mashine ya kuchimbia meno inayoendeshwa kwa mguu kama cherehani, na stovu ya mafuta ya taa ya kuchemshia vyombo. Umeme ulikuwapo siku unapojisikia kuwapo. Kazi yangu ilikuwa kuchemsha, kufuta, kushika taa na kunyamaza. Baada ya miaka miwili akaniruhusu kushika koleo, na hapo ndipo kichwa kilipovimba.

Siku moja Mzee Lazaro alikwenda kwenye mkutano kwa mganga mkuu, akaniacha peke yangu. Akaja mwanamke wa Ujiji, Bi Zuhura, muuza migebuka, mtu wa maneno mengi na kicheko cha kusikika ng'ambo ya soko. Alikuwa kijana bado, watoto wawili. Alinionyesha meno yake manne ya mbele ya chini. Yalikuwa yanacheza. Ukiyagusa kwa kidole yanakwenda mbele na kurudi nyuma, na fizi zimevimba nyekundu, zinatoa damu kwa kuguswa tu.

"Yanauma?" nikamuuliza.

"Hayaumi, ndugu yangu, ila yananiaibisha. Nikiuma mfupa wa samaki yanalala."

Nikaona kazi ni nyepesi. Jino linalocheza ni jino bovu, na jino bovu dawa yake ni koleo. Sindano, koleo, moja, mbili, tatu, nne. Yalitoka bila ubishi, kama karanga zinazochomolewa kwenye udongo wenye maji. Nikampa pamba auume, nikamwambia asiteme mate siku nzima, nikamsindikiza mpaka mlangoni huku najiona daktari kamili. Meno nikayaacha kwenye sinia ili Mzee Lazaro aone kazi yangu.

Aliporudi alikuwa anaimba. Akafika kwenye sinia, wimbo ukakatika.

Aliyachukua yale meno, akayaosha, akayapanga juu ya kitambaa cheupe karibu na dirisha la upande wa ziwa, ambako mwanga ulikuwa mzuri. Akaniita. "Bukuru, nionyeshe tundu."

Nikalichukua la kwanza nikaligeuza. Halikuwa na tundu. La pili hivyo hivyo. Yote manne yalikuwa mazima, meupe, mizizi mirefu iliyonyooka. Kitu pekee kilichokuwapo ni ugaga, umezunguka shingo za meno mpaka chini kabisa, mweusi kama masizi ya sufuria.

"Sioni tundu, Mzee."

"Huoni kwa sababu hakuna. Umeng'oa meno mazima ya mwanamke wa watu. Aliyekuwa mgonjwa ni fizi." Hakupandisha sauti, na ingekuwa heri angepandisha. Akanieleza taratibu. Ugaga unaingia chini ya fizi, fizi inaukimbia, mfupa ulioshika jino nao unakwisha kidogo kidogo, bila maumivu, mwaka baada ya mwaka. Jino zima linabaki limesimama bila kushikwa. "Kama ungekwangua ule uchafu, ukamfundisha kupiga mswaki, angalau matatu kati ya haya angezeeka nayo. Sasa kesho asubuhi utakwenda Ujiji umwambie."

Niliomba aniadhibu kwa namna nyingine. Alikataa. Akachukua kiberiti kilichokwisha njiti, akaweka pamba, akayalaza yale meno ndani na kunitilia mfukoni mwa shati. "Utatembea nayo mpaka nikuambie uyaache." Alistaafu, na baadaye akafariki, hakuniambia.

Kesho yake nilikwenda Ujiji kwa miguu. Nilitaka njia iwe ndefu. Bi Zuhura alikuwa anapanga migebuka juu ya karatasi za saruji, mdomo umemvimba. Nikamwambia mbele ya wenzake, maana kumwita kando niliona ni kujificha. Nikasema meno yake hayakuwa mabovu, ni mimi sikujua.

Aliuweka chini mgebuka uliokuwa mkononi. "Kwa hiyo yalikuwa mazima."

"Yalikuwa mazima, mama."

Akafunika mdomo kwa ncha ya kanga, akageukia mteja. Hakunitukana. Tangu siku ile, kila nikipita pale, alinisalimia vizuri kwa kanga mdomoni, na kile kicheko chake cha kusikika ng'ambo ya soko sikukisikia tena. Mnaofikiri jino la mbele ni kitu cha urembo tu, mkamwulize mtu anayeishi kwa kuita wateja.

Hata hivyo ni Bi Zuhura aliyenifundisha kitu ambacho hakikuwa kwenye daftari la Mzee Lazaro. Miezi baadaye nilimwuliza ilikuwaje akaacha mswaki, maana mwanamke msafi vile hawezi kuwa mvivu wa mdomo. Akasema ilianza mwezi wa Ramadhani. Alipiga mswaki asubuhi, fizi zikatoka damu, akaogopa asije akaimeza ikamharibia saumu. Akaacha mwezi mzima. Sikukuu ikaja, akajaribu tena, damu ikawa nyingi zaidi, akaona mswaki ndio unaomuumiza. Akaacha kabisa. Akawa anasukutua maji tu.

Nilikaa nikafikiri ni watu wangapi Ujiji nzima wanaofanya hivyo kila mwaka, watu wacha Mungu, na kila mwaka fizi zinarudi nyuma kidogo. Nikaenda kwa maalimu wa chuo kimoja cha Kurani, mimi Mkristo wa Kidahwe nimevua viatu mlangoni, nikamweleza. Alinisikiliza, akacheka kidogo. "Tabibu, mchana wameiachia saumu. Usiku wamemwachia nani?" Ijumaa iliyofuata aliwaambia watu wapige mswaki baada ya kufuturu na baada ya daku, kwa utulivu, na kwamba usafi wa kinywa ni jambo walilousiwa tangu zamani. Mwaka ule baada ya Idi nilipata wagonjwa wa fizi wachache kuliko nilivyozoea. Maalimu mwenyewe alikuja nimkwangue, akakaa kwenye kiti kama mtu anayesubiri kunyolewa.

Kwa hiyo liwekeni kichwani hili, hata kama mtasahau mengine yote: fizi inayotoka damu ndiyo inayotaka mswaki. Ukiikimbia damu, unaupa ugaga nyumba. Sugua pole, kwa mswaki laini, pale pale panapotoka damu, asubuhi na usiku. Siku za kwanza damu itazidi na utanilaani. Baada ya wiki moja au mbili itapungua, kisha itakata. Isipokata, nenda kwa wataalamu, maana kuna ugaga ndani, au kuna ugonjwa mwingine mwilini unaotaka kuangaliwa. Na wewe unayevuta sigara, wewe fizi zako hazitoki damu kirahisi hata zikiwa zinaoza, kwa hiyo usije ukajisifu.

Sasa niwape cha kucheka kidogo. Wakati wa kuhamia vijiji vya ujamaa tulitumwa na gari ya hospitali kwenda kijiji kipya barabara ya Kasulu, kufundisha usafi wa kinywa. Nyumba zilikuwa hazijaezekwa zote. Tukafika tukakuta watu kama ishirini wamepangwa mstari, nyuso zimekunjamana, bibi mmoja analia. Nikamwuliza balozi wa nyumba kumi kuna msiba gani.

"Hakuna msiba, ndugu tabibu. Hawa ndio wa kung'olewa. Kila kaya imetoa mtu mmoja."

"Nani amesema tumekuja kung'oa?"

"Hakuna aliyesema. Lakini Serikali imetoka mbali, haiwezi kuondoka mikono mitupu."

Nilimwendea yule bibi, nikamwambia kwa Kiha afungue mdomo niangalie tu. Alikuwa na meno yote, safi, amezoea kusugua kwa kijiti cha mti alichokitafuna kikawa kama brashi. Nikamwuliza kama anakisugua mpaka nyuma ya meno. "Ego," akasema, yaani ndiyo, huku anafuta machozi. Nikamsimamisha mbele ya kijiji kizima kama mwalimu wa siku ile. Balozi alisikitika kidogo kwamba hakuna jino hata moja lililotoka. Akatufungia mkungu wa ndizi.

Turudi mjini, maana kisa chenyewe nilichotaka kuwaandikia ni cha Wilonja.

Wilonja alikuwa mpiga tarumbeta. Mama yake alivuka ziwa kutoka Kongo akiwa na mimba yake, akamzaa huku, na kijana akakulia kwenye mitumbwi ya wajomba zake wavuvi wa dagaa kabla ya kuchukuliwa na bendi moja ya Mwanga. Kama hukuwahi kumsikia, sina namna ya kukueleza. Walimwita harusini, walimwita kwenye mapokezi ya viongozi, na shule ziliruhusu watoto watoke darasani akipita na bendi barabarani.

Alikuja kliniki wiki kama tano kabla ya sikukuu ya Uhuru. Mzee Lazaro alikuwa ameshastaafu, chumba ni changu. Hakutaka kukaa kwenye kiti. Alisimama mlangoni na kofia mkononi.

"Muganga, sikuje kung'olewa. Tukubaliane kwanza."

"Tumekubaliana. Fungua mdomo."

Alipofungua, nilichokiona sikuwahi kukiona na sijakiona tena. Meno yake manne ya mbele ya juu yalikuwa yamefungwa kwa uzi wa nyavu. Uzi wa nailoni, ule ule wa kushonea nyavu za dagaa, umezungushwa jino kwa jino, umeshikizwa kwenye meno magumu ya pembeni, na mafundo yake ya kivuvi nyuma. Uzi ulikuwa umebadilika rangi, umezama ndani ya fizi, na kila penye fundo palijaa ukoga na usaha. Harufu yenyewe tuiache.

"Nani amekufunga hivi?"

"Mimi mwenyewe, na kioo. Yalikuwa yanacheza. Nikipuliza noti ya juu yanasogea, sauti inakimbia. Sasa nikafikiri, wavu ukilegea unafanya nini? Unakaza."

Akanieleza mengine kwa sauti ya chini. Damu ilikuwa inaingia kwenye tarumbeta. Kiongozi wa bendi aliiona kwenye kitambaa chake, akadhani ni kifua kikuu, na wenzake wameanza kutokunywa naye kikombe kimoja. Kiongozi amempa muda mpaka sikukuu. Asipopiga vizuri siku ile, au damu ikionekana tena, nafasi yake itachukuliwa na mtu kutoka Tabora. "Na mswaki niliacha," akasema. "Banasema penye damu usiguse."

Nikamwambia afungue kola nimsikilize kifua kwanza, kisha nikampeleka kwa daktari wa vifua apimwe makohozi. Hakuwa na kifua kikuu. Nikaandika karatasi ya kumpelekea kiongozi wake, kwamba damu ni ya fizi. Hiyo ilikuwa sehemu rahisi.

Kiongozi wa bendi alikuja mwenyewe na ile karatasi. Mtu mzima, ana haraka. "Kama ni meno, yang'oe leo, apone kidonda, tumtengenezee ya kuvaa. Wiki tano zinatosha."

Nilikuwa nimeshika kiberiti mfukoni. Nilimwambia mpiga tarumbeta mwenye meno ya kuvaa, wiki tano baada ya kung'olewa, hawezi kupiga hata king'ora. Akaniuliza kama ninaweza kumhakikishia kwamba meno hayo yatashika. Nikasema siwezi. Nikasema mfupa uliokwisha haurudi, lakini fizi ikipona inakaza, na kilichobaki kinaweza kutosha. Akasema nikikosea nimemwua mtu kikazi. Hilo nililijua bila kuambiwa.

Tukaanza. Nilikata ule uzi, ukatoka umekuja na vipande vya fizi. Nikamkwangua kwa siku nne tofauti, robo ya mdomo kila siku, maana ugaga wa chini ya fizi hauondoki kwa papara. Unaingiza chuma taratibu, unausikia ukikwaruza, unavuta juu, unarudia mpaka chuma kiteleze. Usichokiona kwa macho unakisikia kwa vidole. Hiyo ndiyo sanaa yenyewe, vijana, na mashine zenu zinazolia kama nyuki hazijaibadilisha. Nikampa chumvi ya Uvinza asukutue kwa maji ya vuguvugu. Nikamfundisha mswaki, nyuma ya meno hasa.

Siku ya tatu alirudi na hasira. Akaniwekea kitambaa chenye damu mezani. "Muganga, ulisema itapona. Sasa ni kama nimechinja kuku."

"Ulisugua?"

"Nilisugua."

"Basi endelea."

Alitoka akibamiza mlango. Usiku ule sikula vizuri, nakiri. Lakini siku ya tisa alikuja mapema kuliko mfagizi, akafungua kitambaa cheupe mbele yangu na kukitemea mate. Kilikuwa kimelowa tu. Fizi zilikuwa zimeanza kusinyaa na kuwa na rangi ya kawaida. Sikuwahi kufurahia mate ya mtu namna ile.

Meno bado yalicheza, kidogo. Na hapa ndipo lilipo jambo ninalojivunia kuliko yote. Wazo la Wilonja la kufunga halikuwa la kipumbavu. Kosa lake ni kwamba alifunga juu ya uchafu, akafunga fundo penye fizi, na akaacha uzi ukae. Nikachukua uzi mpya wa nailoni, mwembamba kuliko wake, nikauchemsha pamoja na vyombo. Nikaanza kufunga, chini kidogo ya katikati ya jino, mbali na fizi. Fundo likateleza. Nikarudia, likateleza. Mate yanalainisha kila kitu.

Wilonja akaniomba uzi. Akaufunga kwenye mkono wa kiti, polepole, ili nione. Mzunguko mara mbili, ncha ipite ndani, ivutwe kwa kulazwa, isivutwe kwa kusimamishwa. "Hii ndiyo ya maji. Ile yako ni ya mbuzi." Nikajifunza palepale kwenye mkono wa kiti changu mwenyewe, mgonjwa amesimama, tabibu ameinama. Mara ya tano nililifunga mdomoni mwake na halikuteleza.

Kila wiki niliukata, nikasafisha, nikafunga mpya. Miaka mingi baadaye daktari wa meno kutoka Dar es Salaam alikuja kukagua, akaona mgonjwa wangu mwingine amefungwa vile, akaniuliza nilisomea wapi. Nikamwambia, kwenye nyavu za dagaa. Alidhani namtania. Akachora lile fundo kwenye daftari lake, na mimi nikamsahihisha mara mbili.

Siku ya Uhuru nilikwenda uwanjani mapema. Jua lilikuwa kali, watu wa Katubuka na Mwanga wamejaa, vijana wa shule na bendera. Bendi ikaingia. Wilonja yuko safu ya mbele, na mimi peke yangu ndiye niliyejua kwamba nyuma ya mdomo ule kuna uzi. Walipiga nyimbo mbili za kawaida. Ya tatu ilikuwa ile yenye noti ya juu inayoshikiliwa, ambayo kila mtu aliijua na kuisubiri. Akaiinua tarumbeta. Niliinama nikatazama viatu vyangu.

Noti ikatoka. Ikakaa. Ikaendelea kukaa mpaka watu wakaanza kupiga vigelegele juu yake, na yeye hakuiachia mpaka alipotaka mwenyewe. Alipoishusha tarumbeta alitoa kitambaa cheupe, akajifuta mdomo mbele ya kiongozi wake, akakikunjua chote ili kionekane. Kilikuwa kisafi.

Nilikuwa nalia, sitaficha. Nikasikia mtu kando yangu akisema, "Tabibu, ni wewe uliyemtengeneza?" Alikuwa Bi Zuhura, na sinia la migebuka ya kukaanga kichwani, kanga mdomoni kama kawaida.

"Ni mimi, mama."

"Hukumng'oa."

"Sikumng'oa."

Alishusha sinia. "Umejifunzia kwangu."

Nikaingiza mkono mfukoni, nikatoa kiberiti na kumpa. Hakujua kwamba ninatembea nacho. Akakifungua, akayatazama meno yake manne juu ya pamba, akayagusa moja moja kwa ncha ya kidole. Niliona ni haki yake aondoke nayo, au ayatupe usoni kwangu.

Bendi ikaanza tena. Bi Zuhura akageuka kumtazama Wilonja akipiga, na ile kanga akaiacha ianguke begani. Akacheka, mdomo wazi, pengo lote nje, kile kicheko chake cha kusikika ng'ambo ya soko. Watu walituangalia.

"Basi na mimi nimepiga tarumbeta leo," akasema. Akafunga kiberiti, akakirudisha mfukoni mwangu kwa mkono wake mwenyewe, akakigonga mara mbili juu ya shati. "Kaa nacho. Watu wenye meno bado wapo."

Wilonja alipiga miaka mingine mingi. Moja kati ya yale manne lilikuja kumtoka uzeeni, matatu amezikwa nayo. Mimi kiberiti nimekibadilisha mara kadhaa, maana karatasi inachakaa, lakini meno ni yale yale. Wale vijana wawili waliponitembelea niliwawekea mezani, nikawapa miwani yangu, nikawaambia wasiondoke mpaka wanionyeshe tundu. Walitafuta mpaka chai ikapoa.